Saa ya Kifaransa ya Juu ya Meko: Dhahabu, Zebaki na Miungu ya Kale

Saa ya kale ya Kifaransa ya kuwekwa juu ya meko ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: mtambo wa kuhesabu wakati, na sanamu. Mtambo ni mdogo. Fundi akiutoa anaushika kwa kiganja kimoja. Sanamu ndiyo inayojaza nafasi, na ndiyo iliyokula fedha za mnunuzi. Katika saa ya kawaida ya miaka ya 1780, kitako ni cha marumaru nyeupe kilichozungushiwa ushanga mwembamba wa bronzi iliyopakwa dhahabu. Juu yake amekaa mwanamke aliyevaa vazi la Kigiriki, kiwiko amekiegemeza kwenye nguzo fupi, na ndani ya nguzo hiyo umezamishwa uso wa saa. Uso ni mweupe pe, namba ni nyeusi, na mishale miwili ya dhahabu imekatwa nakshi nyembamba kiasi kwamba mtu hushangaa ilikatwa kwa chombo gani. Katikati limeandikwa jina la fundi, na kwamba yuko Paris.

Meko inayotajwa hapa si ya kupikia. Ni shimo la ukutani la kuotea moto, ambalo nyumba za Ulaya zililihitaji kwa sababu ya baridi, na juu yake hukaa rafu ya marumaru. Katika karne ya 18 rafu hiyo ilikuwa imeshushwa hadi usawa wa kifua, na juu yake kutundikwa kioo kikubwa. Kitu kilichowekwa hapo kilionekana mara mbili, mbele kwa macho na nyuma kupitia kioo, na usiku kikamulikwa na mishumaa ya vinara viwili vilivyokaa kushoto na kulia. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi sebuleni pa kuonyesha mali. Saa iliwekwa hapo ili itazamwe kwanza, isomwe baadaye. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua tabia hiyo: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi saa zilivyokuwa pambo la vyumba vya matajiri wa Unguja, zikipangwa kwa wingi kuliko mahitaji ya kujua wakati.

Saa hizi zisingewezekana bila ugunduzi mmoja uliotangulia zaidi ya miaka mia moja. Mwishoni mwa mwaka 1656 mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa inayoongozwa na pendulamu, yaani uzito unaobembea. Kabla yake, saa ya chumbani iliweza kupotea robo saa au zaidi kwa siku. Kwa pendulamu, upotevu ukashuka hadi sekunde chache tu kwa zile zilizotengenezwa vizuri. Huygens mwenyewe alihamia Paris mwaka 1666, katika chuo kipya cha sayansi cha Mfalme Louis XIV. Uzuri wa pendulamu ni kwamba muda wa kubembea kwake unategemea urefu. Yenye urefu wa karibu mita moja huchukua sekunde moja kwenda upande mmoja, na ya robo ya urefu huo huchukua nusu sekunde. Mafundi wakaweza basi kutumia pendulamu fupi sana, ikajificha nyuma ya uso wa saa, na saa ikatoka kwenye kabati refu la sakafuni ikapanda juu ya rafu.

Kwa nini miungu ya Kigiriki? Hadi katikati ya karne ya 18, mapambo ya Kifaransa yalikuwa ya kupindapinda: makombe ya baharini, majani yaliyojikunja, hakuna mstari ulionyooka. Kisha ardhi ya Italia ikafukuliwa. Uchimbaji wa mji wa Herculaneum, uliofunikwa na mlipuko wa volkano Vesuvius mwaka 79, ulianza mwaka 1738, na wa Pompeii ukafuata mwaka 1748. Watu wakaona kwa mara ya kwanza vyombo, viti, taa na picha za ukutani za Warumi wa kawaida, si mahekalu tu. Nchini Ufaransa, comte de Caylus alichapisha michoro ya vitu vya kale kuanzia mwaka 1752, na mwaka 1764 Mjerumani Johann Joachim Winckelmann akatoa historia yake ya sanaa ya kale, kitabu kilichowashawishi wasomi wa Ulaya nzima kwamba uzuri wa Wagiriki ulikuwa utulivu na mistari safi.

Paris ikageuka. Mmoja wa watu wa kwanza alikuwa mkusanyaji wa sanaa aliyeitwa Lalive de Jully, ambaye karibu na mwaka 1757 aliagiza samani nzito za mtindo wa Kigiriki, ikiwemo kabati la nyaraka lenye saa juu yake. Zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Condé, Chantilly. Katika miaka ya mwanzo mtindo ulikuwa mzito na mgumu, kazi ya watu wanaojifunza lugha mpya. Chini ya Louis XVI, aliyetawala kuanzia 1774, ulilainika na kupata mizani. Nguzo, mashada ya majani ya mzeituni, vichwa vya kondoo dume, mikuki, vinubi na vyungu vya majivu vya Kirumi vikawa alfabeti ya fundi. Mtindo huu huitwa uklasiki mpya, na ulidumu, kwa sura zinazobadilika, kupitia Mapinduzi ya 1789, utawala wa Napoleon na hata baada ya kuanguka kwake mwaka 1815.

Jina lililoandikwa kwenye uso wa saa linampotosha mtazamaji. Ni la fundi wa mtambo, au wakati mwingine la mwenye duka. Mtu aliyeichonga sanamu, aliyeimimina bronzi, aliyeitia nakshi na aliyeipaka dhahabu kwa kawaida hakuandikwa popote. Sheria za vyama vya mafundi ndizo zilizoleta hali hiyo. Katika Paris ya wafalme, kila kazi ilikuwa na chama chake, na fundi wa chama kimoja hakuruhusiwa kuingilia ya mwingine. Saa moja ilipita mikono mingi: mchoraji, mchongaji aliyefinyanga mfano kwa udongo au nta, mfua bronzi, mtia nakshi, mpaka dhahabu, mchonga marumaru, fundi wa enameli aliyetengeneza uso, na fundi saa. Kati yao alisimama mfanyabiashara wa bidhaa za anasa, aliyetoa wazo, akagawa kazi, akalipa na kuuza. Dominique Daguerre alikuwa mashuhuri kuliko wote. Wateja wake walitoka hadi Urusi, na mrithi wa kiti cha enzi, Paul, na mkewe Maria Feodorovna walipozuru Paris mwaka 1782 walinunua vitu vingi vilivyopelekwa kupamba kasri la Pavlovsk. Vyama hivyo vilifutwa mwaka 1791, na hapo ndipo mabwana wa karakana kubwa walipoweza kukusanya fani zote chini ya paa moja.

Kazi moja inaonyesha vizuri jinsi mikono hiyo ilivyokutana. Mwaka 1771 mji wa Avignon ulitaka kumpa zawadi marquis de Rochechouart, mkuu wa majeshi ya Ufaransa yaliyokuwa yameutwaa mji huo kutoka kwa Papa mwaka 1768. Mchongaji Louis-Simon Boizot akatoa mfano. Pierre Gouthière akaitengeneza kwa bronzi na kuipaka dhahabu, na Delunésy akatia mtambo. Tokeo lake ni saa yenye sanamu za mito Rhône na Durance, mwanamume na mwanamke waliojilaza kwa raha, huku juu yao mwanamke anayewakilisha mji wenyewe akionekana pamoja na nembo za ushindi. Ukiitazama kwa karibu, ngozi ya sanamu haina mng'ao. Ina uso laini wa poda, unaokaribia ngozi ya kweli. Vitambaa na pembe za mapambo zinang'aa. Tofauti hiyo ndiyo siri ya Gouthière, bingwa wa dhahabu isiyong'arishwa, na inafanya kwenye metali kazi ambayo mchoraji huifanya kwa rangi. Saa hiyo iko London, katika Wallace Collection. Gouthière mwenyewe, mtu aliyepamba vyumba vya malkia na vya kipenzi wa mfalme, alifilisika na akafa maskini mwaka 1813.

Upakaji wenyewe ndiyo sehemu ya hadithi hii inayopaswa kusomwa polepole. Bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati. Vipande vya sanamu vilimiminwa vikiwa vimetengana, kwa kalibu za mchanga au za nta, kisha mtia nakshi akavipitia kwa patasi ndogo na nyundo, akifufua kila unywele, kila jani na kila mkunjo wa vazi ambao kalibu iliuacha butu. Hiyo ilikuwa kazi ya majuma mengi. Baada ya hapo dhahabu safi iliyeyushwa ndani ya zebaki ya moto hadi ukapatikana ute laini kama siagi. Bronzi ilisafishwa kwa tindikali, ute ukapakwa kwa brashi ya nyuzi za shaba, na kipande kikashikwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi. Ilipanda ikawa mvuke, na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania bronzi. Kwa kazi nzuri zoezi hilo lilirudiwa mara kadhaa, kisha sehemu za kung'arishwa zikasuguliwa kwa jiwe gumu la akiki.

Mvuke ule ulienda wapi? Ulienda kwenye mapafu ya fundi. Wapaka dhahabu wa Paris walianza kutetemeka mikono, meno yakawalegea, akili ikawachafuka, na wengi hawakuzeeka. Jambo hili lilijulikana na kila mtu katika fani, na kwa muda mrefu halikufanyiwa lolote. André-Antoine Ravrio, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa bronzi wa enzi ya Napoleon, alipofariki mwaka 1814 aliacha katika wosia wake faranga 3,000 ziwe zawadi kwa atakayepata njia ya kuwakinga wapaka dhahabu na zebaki. Chuo cha Sayansi kilimpa zawadi hiyo mwanakemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet mwaka 1818. Dawa yake haikuwa kemia mpya. Ilikuwa tanuri lenye dohani iliyojengwa kwa namna ya kuvuta hewa kwa nguvu, mvuke upande juu badala ya kumrudia mfanyakazi usoni.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na Migori wanaielewa kemia hii bila kusomewa, kwa kuwa ndiyo ile ile wanayoitumia kuikamata dhahabu kutoka kwenye mchanga na kuichoma juu ya moto. Zebaki haijabadilika tangu siku za Gouthière, wala mapafu ya binadamu.

Uso wa saa nao ulikuwa sanaa ya peke yake. Bamba la shaba lilipakwa unga wa kioo cheupe, likaingizwa tanurini hadi unga ukayeyuka na kuwa enameli, na namba zikaandikwa na kuchomwa tena. Kosa dogo la joto lilipasua kazi yote. Joseph Coteau, aliyefanya kazi pia kwa kiwanda cha kauri cha Sèvres, alichora nyuso zenye alama za nyota za majira, miezi na matone ya dhahabu, na jina lake dogo huwa limefichwa mahali ambapo mnunuzi wa zamani hakulitafuta, ila mnunuzi wa leo hulitafuta kwanza.

Nyuma ya uso huo kuna duara la shaba ya njano lenye mabamba mawili, na kati yake magurudumu yenye meno. Mashimo mawili yaliyoko kwenye uso ni ya ufunguo. La kulia huwa la mwendo, la kushoto la mlio. Kila moja hukaza springi iliyoviringwa ndani ya pipa dogo, na saa nyingi hutembea kama majuma mawili kabla ya kukazwa tena. Springi inapojikunjua hulisukuma gurudumu la kwanza, nguvu ikashuka hadi gurudumu la mwisho, ambalo kila jino lake husimamishwa na kuachiwa na kipande chenye ncha mbili kinachofuata mbembeo wa pendulamu. Ule mdundo unaosikika, tiki taka, ni meno hayo yakigonga na kuachiliwa.

Mlio una ujanja wake. Mgongoni mwa saa kuna gurudumu lenye mapengo ya umbali usiolingana. Mkono mdogo hukaa ndani ya pengo, na wakati wa kulia ukifika hunyanyuka. Nyundo huendelea kupiga kengele hadi mkono utakapoangukia pengo linalofuata. Mapengo yakiwa karibu, mapigo ni machache. Yakiwa mbali, ni mengi. Kwa saa 12 zinapigwa hesabu 78, na kila nusu saa pigo moja, jumla 90, ambayo ni mzunguko mmoja kamili. Mapigo hufuata namba iliyoandikwa, si hesabu ya Waswahili, kwa hiyo saa moja asubuhi kengele hulia mara saba. Udhaifu wa ujanja huu ni kwamba gurudumu halijui mishale iko wapi. Anayesogeza mishale kwa haraka bila kusubiri kengele imalize huifanya saa ipige nne wakati mishale inaonyesha tisa, na itaendelea hivyo mpaka irekebishwe.

Katika saa za kabla ya miaka ya 1840, pendulamu imening'inizwa kwa uzi wa hariri. Ukiuviringisha uzi, pendulamu inakuwa fupi na saa inakimbia, ukiulegeza, inachelewa. Hariri hunywa unyevu wa hewa, na saa hubadilika na hali ya hewa. Ukoo wa Brocot wa Paris ulileta mwaka 1840 kining'inizo cha utepe mwembamba wa chuma, ambacho hurekebishwa kutoka mbele kwa ufunguo mdogo juu ya namba 12. Kwa anayetaka kukisia umri wa saa, hiki ni kipande cha kwanza cha kutazama.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwagusa mafundi saa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Wateja walikimbia nchi au wakauawa. Taji za kifalme zikatoka kwenye mapambo, kofia ya uhuru na mzani wa haki vikaingia. Kisha serikali ikaugusa wakati wenyewe: kwa amri ya Novemba 1793, siku iligawanywa katika saa 10, kila saa dakika 100, kila dakika sekunde 100. Saa moja mpya ilikuwa sawa na dakika 144 za zamani. Mafundi wakatengeneza nyuso zenye hesabu mbili, ya zamani na mpya. Utaratibu huo ulifanywa wa lazima Septemba 1794, na ukasimamishwa Aprili 1795, kwa sababu watu hawakuutumia. Mita na kilo, zilizozaliwa na akili ile ile, zilishinda dunia. Siku ya saa kumi ilikufa ndani ya miezi saba, na nyuso zake chache zilizosalia ni hazina ya makumbusho.

Napoleon alirudisha anasa. Mtindo wa enzi yake ni mkubwa zaidi, mkavu zaidi, wenye mistari iliyokatwa kwa rula. Safari yake ya kivita ya Misri, kuanzia 1798, ilileta sphinx, yaani simba wenye vichwa vya binadamu, na maua ya yungiyungi. Mchoro wa Jacques-Louis David wa ndugu Horatii wa Roma ya kale wakila kiapo uligeuzwa sanamu ya saa. Akina Minerva, Apollo, Kupido akiendesha gari la farasi ambalo gurudumu lake ndilo uso wa saa: vyote vilitoka kwenye karakana za Claude Galle, Ravrio, na zaidi ya wote Pierre-Philippe Thomire, aliyezaliwa 1751, akanunua biashara ya mfanyabiashara wa anasa Lignereux mwaka 1804, na akafa 1843 akiwa ameuza bronzi kwa makasri mengi ya Ulaya. Kwa wepesi wa umbo, hata hivyo, saa za kinubi za Sèvres za miaka ya 1780 hazikupitwa. Mwili wake ni kinubi cha kauri ya buluu, nyuzi za kinubi ni fito za pendulamu, na pendulamu yenyewe ni pete ya mawe yanayometameta inayobembea kuuzunguka uso wa saa.

Kuna kundi moja la saa hizi ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita kimya. Mwaka 1784 fundi Furet alionyesha Paris saa yenye kifua na kichwa cha mwanamke Mweusi aliyevalia vito. Ukivuta hereni yake, saa hujitokeza katika jicho moja na dakika katika jingine. Watu walimiminika kuitazama. Mfano mmoja ulinunuliwa na mwanamfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa George IV. Karibu na mwaka 1799, Jean-Simon Deverberie alichora saa zilizoitwa Afrika na Amerika, zenye wanawake Weusi wa bronzi nyeusi waliovaa manyoya na kushika pinde, macho yao yakiwa ya enameli nyeupe. Zikafuata saa za wachukuzi na mabaharia, na za riwaya ya Paul et Virginie ya mwaka 1788, ambamo watoto wawili wa Kifaransa wanabebwa kwenye machela na watumwa waliotoroka.

Riwaya hiyo ilitungwa kuhusu Île de France, kisiwa kinachoitwa sasa Morisi. Watumwa wake walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Kwa hiyo mtu mwenye mzigo mabegani, anayeng'aa juu ya rafu ya tajiri wa Paris, si ndoto tupu ya msanii. Nyuma yake wako watu wa kweli, wenye majina na vijiji, waliopitishwa Kilwa. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802, katika miaka ile ile saa hizi zilipouzwa sana. Ufundi wake ni wa juu, na hakuna haja ya kuukana. Lakini kuzieleza kama mapambo ya kuvutia tu, kama orodha za minada zilivyozoea, ni kuficha nusu ya habari. Mkusanyiko wake mashuhuri uko Mons, Ubelgiji, katika makumbusho ya François Duesberg.

Baada ya 1815 soko lilipanuka hadi ng'ambo. Ikulu ya Marekani ilichomwa na Waingereza mwaka 1814, na Rais James Monroe alipoiwekea samani mpya mwaka 1817 aliagiza Ufaransa, kwa sharti kwamba saa zisiwe na sanamu za watu uchi. Mawakala wake walipata taabu kubwa, kwani miungu ya kale haikuwa na desturi ya kuvaa. Hatimaye zilipatikana ya Hannibal, jemadari wa Carthage, kutoka kwa Denière na Matelin, na ya Minerva, wote wawili wamevaa kwa heshima, na zingali Ikulu.

Viwanda navyo viliingia. Frédéric Japy alikuwa amefungua karakana ya mashine huko Beaucourt mwaka 1777, na Honoré Pons alipelekwa Saint-Nicolas-d'Aliermont, karibu na Dieppe, mwaka 1807. Mitambo ya duara ikaanza kutoka kwa maelfu, ikapelekwa Paris kumaliziwa. Ubora wa mitambo haukushuka. Mingi inatembea mpaka leo. Kilichoshuka ni sanamu. Kuanzia miaka ya 1840 dhahabu ya umeme ilichukua nafasi ya zebaki, jambo jema kwa mafundi, na zinki ya bei nafuu ikachukua nafasi ya bronzi. Baadaye, chini ya mfalme Napoleon III, watu wakatamani tena mtindo wa Louis XVI, zikatengenezwa nakala nyingi mno. Saa nyingi zinazouzwa leo kwa jina la karne ya 18 ni za wakati huo.

Kuzitofautisha kunahitaji kugeuza saa na kuitazama mgongoni. Ukikwaruza kidogo mahali pasipoonekana chini ya kitako, zinki huonyesha kijivu, bronzi huonyesha wekundu au unjano. Kining'inizo cha hariri huashiria umri, ingawa kinaweza kubadilishwa. Muhuri wa nishani, kwa mfano ule wa mtengenezaji wa mitambo Vincenti wenye mwaka 1834, husema nishani ilitolewa lini, na mtambo unaweza kuwa wa miongo kadhaa baadaye. Nakshi ya mkono ina makali na haifanani kushoto na kulia. Nakala ya kalibu ni butu na inafanana. Jina kubwa kwenye uso lisimpumbaze mtu, kwa kuwa kuandika jina ni rahisi kuliko kuchonga mkunjo wa vazi.

Saa ya namna hii ikihamishwa, pendulamu itolewe kwanza, la sivyo kining'inizo kitakatika njiani. Iwekwe mahali pasawa, na mdundo wake usikilizwe: ukichechemea, saa itasimama. Na aliyerithi au kununua moja asikubali kamwe isuguliwe kwa dawa ya kung'arishia shaba, hata akiahidiwa itarudi kama mpya. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu, na usafishaji wowote zaidi ya huo uachiwe fundi anayeijua dhahabu ya zebaki. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, na likishasuguliwa likaisha halipakwi tena kwa namna ile, kwa sababu karakana zilizokuwa zikifanya hivyo karibu zote zimekwisha kufungwa.